Waliokuja Kuhesabu Popo

Kuhesabu popo wa Pemba ni kazi inayoanza jua likikaribia kuzama na kwisha giza linaposhika, na kati ya hapo hakuna nafasi ya kupiga soga. Wahesabuji huuzunguka mti au kichaka wanacholala popo, kila mmoja akapewa kipande chake cha anga na kihesabio kidogo cha kubonyeza kwa dole gumba. Popo wa kwanza hutoka mmoja mmoja. Kisha hufuatana kwa makumi, mabawa yamekunjuka zaidi ya mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, na hapo ndipo mabishano yanapoanza. Yule aliyezunguka mara mbili akarudi kutua, amehesabiwa au hakuhesabiwa? Aliyepita mpakani, baina ya vipande viwili vya anga, ni wa nani? Giza likiingia kila mtu husoma namba yake, na namba hizo ni nadra kupatana.

Mwaka 1995 kazi hiyo ilifanywa karibu kisiwa kizima. Walioiongoza walikuwa watafiti wawili vijana wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland: Abigail Entwistle na Nadia Corp. Walikuja kumtafuta mnyama ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Pemba, na ambaye wakati huo wataalamu wengi walidhani anakaribia kwisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, aliyekwenda kuwatafuta alirudi na habari ya popo wachache tu wa kuhesabika kwa vidole.

Popo huyu ana asili ya kushangaza. Jamaa zake wametapakaa Asia ya kusini, Australia na visiwa vya Bahari ya Hindi: Shelisheli, Madagaska, Komoro, Mauritius. Barani Afrika hawapo. Ukoo mzima ulivuka bahari kisiwa kwa kisiwa ukafika Pemba na Mafia, ukaishia hapo, ilhali kutoka Pemba hadi pwani ya Tanga ni mwendo wa kilomita hamsini hivi, umbali ambao kwa popo mwenye mabawa kama yale si chochote. Kwa nini hakuvuka kipande kile cha mwisho ni swali ambalo mwanafunzi yeyote wa zoolojia angefurahi kulijibu. Kwa vyovyote, Mjerumani Alfred Voeltzkow alifika Pemba mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwaka 1909 Paul Matschie akamwandika popo huyu katika vitabu vya sayansi kwa jina la Voeltzkow. Wapemba, ambao walikuwa wakimwona kila magharibi tangu enzi za mababu, waliendelea kumwita popo.

Kilichompunguza kinajulikana. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikachukua nafasi ya kuwa shamba kuu la karafuu la dola ya Zanzibar. Karafuu zinataka ardhi, na ardhi ilikuwa chini ya msitu. Leo kipande kikubwa cha msitu wa asili kilichobaki ni Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, na vipande vidogo huku na huku. Juu ya hilo kukaja uwindaji. Popo aliliwa Pemba tangu zamani, lakini mwindaji wa zamani alikuwa na zana za mkono, na popo alikuwa na nafasi ya kukimbia. Bunduki ilipoingia, mti mmoja wenye popo mia mbili wamelala mchana ukawa ghala lisilo na mlinzi. Na popo jike wa jamii hii huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Anayeua popo hamsini kwa asubuhi moja amefuta uzazi wa muda mrefu.

Misafara ya wanafunzi, kama ule wa 1995, ina sifa yake, nayo si nzuri kila mara. Vyuo vya Ulaya vikifunga kwa likizo ndefu, vijana hupakia mabegi, vyandarua na dawa za malaria, wakasafiri kwenda kisiwa fulani cha joto kuhesabu kitu: ndege, kasa, matumbawe, popo. Kuanzia miaka ya 1980 palikuwa na mfuko maalumu wa kuwasaidia vijana wa namna hii, uliofadhiliwa kwa miaka mingi na kampuni ya mafuta ya BP, na mfuko huo ulipeleka vikundi vingi sana pembe zote za dunia. Unguja na Pemba nazo zimezoea kuwaona wanafunzi wa Kimarekani wanaokuja kwa muhula mmoja, wakasoma Kiswahili kidogo, wakatawanyika kila mtu na mradi wake wa wiki chache, na mwisho wakaandika ripoti. Kutoka nje ni rahisi kuwacheka. Kijana wa miaka ishirini, ngozi imebabuka kwa jua, amekaa chini ya mwembe wa watu akiandika daftarini muda wote bila kuchuma hata embe moja. Mwenye mwembe ana haki ya kushangaa.

Lakini kile anachokiandika kina thamani, na mfano mzuri uko chini kabisa, kwenye udongo. Popo hali tunda kama sisi. Hulitafuna, akaliminya kwa ulimi dhidi ya kaakaa, akafyonza maji yote na kuyatema makapi yaliyobaki yakiwa tonge dogo bapa la nyuzi kavu. Ukiliokota tonge hilo na kulitazama vizuri, utaona mistari iliyoachwa na kaakaa lake. Wanafunzi wa 1995 walitumia muda mrefu wakiokota matonge haya na vinyesi chini ya miti, wakitenganisha mbegu na nyuzi ili kujua popo amekula nini. Jibu lilikuwa na maana zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Pamoja na matunda ya miti ya asili, mikuyu ikiwamo, popo alikuwa akila sana maembe na mashelisheli, yaani matunda ya miti iliyoletwa na kupandwa na watu. Hata mahali pa kulala hakuchagua msitu peke yake. Alilala kwenye mikoko, kwenye mashamba ya mikarafuu yaliyoachwa yakaota vichaka, na kwenye miti mikubwa ya makaburini, ambayo haikukatwa kwa sababu ya heshima ya waliozikwa chini yake.

Hapo mambo yalibadilika. Mnyama aliyedhaniwa kuwa wa msitu, anayehitaji uzio na askari, kumbe alikuwa akiishi katikati ya vijiji, kwa matunda ya watu na kivuli cha wafu wao. Uzio hauwezi kuwekwa kila shamba. Kama popo angepona, angepona kwa hiari ya wenye mashamba.

Hesabu ilitoa popo kati ya 4,600 na 5,500. Kwa waliodhani wamebaki wachache ilikuwa habari njema, ingawa mwaka 1996 orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimweka kwenye daraja la hatari kubwa kabisa. Lakini namba ya aina hii, ikikaa peke yake, haisemi kitu. Popo elfu tano ni wengi au wachache? Wanapanda au wanashuka? Wanafunzi hawakuweza kujua, na hakuna ambaye angeweza kujua, maana wiki kadhaa za kukaa kisiwani hazionyeshi mwelekeo wa mnyama anayezaa mara moja kwa mwaka. Hesabu ya kwanza ilikuwa ikingoja hesabu ya pili.

Hesabu hiyo ya pili ilikuja, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Oryx. Popo sasa walikuwa 20,000 hivi. Kati ya tarehe hizo mbili watu wa nje walikuja na kuondoka, lakini kazi kubwa ilifanywa na wenyeji. Viliundwa vikundi vya vijiji vya kulinda popo, vikisaidiwa na shirika la uhifadhi la Kiingereza pamoja na idara ya misitu ya Zanzibar. Kinachojulikana zaidi ni cha Kidike, karibu na Mjini Ole, ambako popo hulala kwenye miti ya shamba la watu na mgeni hulipa kiingilio ili kuwaona. Pesa si nyingi. Lakini mti wenye popo uliacha kuwa ghala la nyama ukawa kitu cha kumtoza mtalii, na mwenye bunduki aliyekuja asubuhi alikuta watu wamekaa chini ya mti wakimngoja. IUCN ikamshusha popo wa Pemba hadi daraja jepesi zaidi la hatari. Kati ya wanyama wote wa Afrika Mashariki walioandikwa kwamba wanakwisha, wachache sana wamewahi kupata habari kama hiyo.

Msomaji mwenye shaka atauliza kama popo ndio walioongezeka au wahesabuji. Swali hilo ni la haki, na si la kulipita haraka. Kila safari ya kuhesabu hugundua mti wa popo ambao safari iliyopita haikuujua, kwa kuwa mtoto mmoja wa kijiji alipita akasema, "Hata kule bondeni wapo." Macho yakizoea, namba hupanda bila popo hata mmoja kuzaliwa. Ndiyo maana hesabu za maana hurudi kwenye miti ileile ya awali na kuilinganisha kwanza, kabla ya kujumlisha mipya. Kwa Pemba, waliofanya kazi hiyo waliona kwamba ongezeko ni la kweli.

Komoro wana kisa kinachofanana, chenye ugumu zaidi. Kwenye Nzwani na Mwali anaishi popo mkubwa mweusi aitwaye popo wa Livingstone, kwa kuwa msafara wa David Livingstone ndio uliopeleka kielelezo chake cha kwanza London, na mwaka 1866 kikaandikwa. Huyu, tofauti na mwenzake wa Pemba, hushikilia misitu ya milimani, kwenye mabonde yenye mteremko ambako hata kusimama ni shida. Katika miaka ya 1990 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bristol walikwenda huko mara kadhaa chini ya mradi wa Action Comores. Walianza kwa kudhani wamebaki mia chache. Kila walivyozidi kupanda milima ndivyo maskani mapya yalivyozidi kuonekana, hadi makadirio yakafika popo 1,200 hivi. Jambo walilolifanya vizuri ni kuwafundisha wenyeji wa Nzwani kuhesabu. Wageni walipopanda ndege kurudi kwao, wenyeji waliendelea kwenda kwenye miti ileile, msimu kwa msimu. Hao ndio walioweza kusema mti upi umekatwa na popo wake wamehamia wapi. Leo kazi ya popo hao na misitu yao hufanywa na shirika la Wakomoro wenyewe, Dahari.

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya anapochukua upande. Msafara wa wanafunzi usipimwe kwa uzuri wa ripoti yake, wala kwa idadi ya aina mpya za viumbe ulizozigundua. Upimwe kwa kuangalia ni nani anayeshika kihesabio miaka mitano baadaye. Ukiangalia hivyo, misafara mingi yenye majina makubwa inabaki haina kitu, na michache isiyo na jina inang'ara.

Zipo kazi nyingine ambazo hata miaka mitano haizitoshi, na Unguja ina mfano ambao kila mkulima wa kusini anaujua upande wake mmoja. Kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu na nywele za kichwani zilizosimama kama za mtu aliyetoka usingizini, anapatikana Zanzibar tu. Wanaoishi pembezoni mwa msitu wa Jozani huingia mashambani, hupanda minazi na kula vidaka. Mkulima akihesabu vidaka vilivyotafunwa chini ya mnazi hukasirika, na ni nani angemlaumu? Kila kidaka kingekuwa kitale, kisha dafu, kisha koroma, kisha nazi sokoni. Hesabu yake ni nyepesi: kidaka kimoja kilicholiwa, nazi moja imepotea.

Kirstin Siex, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Duke, alifanya kitu ambacho mkulima hana muda wa kukifanya. Akishirikiana na Thomas Struhsaker, alifuatilia vidaka vilivyoliwa na kima katika mashamba hayo, halafu akalinganisha na nazi zilizovunwa mwishoni. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1999 yaligeuza hesabu ya mkulima: mahali kima walipokula vidaka zaidi, mavuno hayakupungua, bali yalielekea kuwa makubwa zaidi. Maelezo yao ni kwamba mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kulea, na vingi hupukutika vyenyewe. Kima akivipunguza mapema, vilivyobaki hupata chakula zaidi. Si kila mkulima aliyeshawishika, na ni sawa, kwani anayelala njaa mwaka huu hasaidiwi na wastani wa mashamba yote. Lakini mazungumzo kati ya wanakijiji na hifadhi yaliacha kuwa ya kelele tupu. Palikuwa na namba mezani, na aliyezileta alikaa kijijini muda wa kutosha kujua mnazi upi ni wa nani.

Kundi hilohilo la watafiti liliandika jambo jingine ambalo ukilisikia mara ya kwanza unadhani ni utani: kima punju hula makaa. Huteremka kwenye matanuri ya wachoma makaa, akachukua kipande, akaondoka akikitafuna. Sababu, kwa vipimo vya maabara, ni kwamba majani ya mwembe na mkungu anayoyapenda yana kemikali zinazotibua mmeng'enyo, na makaa huzinasa kemikali hizo tumboni. Wachoma makaa walikuwa wakiona hivyo siku zote. Ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Barabara inayopita Jozani ilipotiwa lami na magari yakaanza kuwagonga kima, kumbukumbu za vifo zilizowekwa na watafiti zilisaidia kuletwa kwa matuta, ambayo hadi leo kila dereva anayekwenda Paje huyalaani kwa sauti. Na sensa ya kisiwa kizima iliyofanywa baadaye ilihesabu zaidi ya kima 5,800, wengi kuliko mtu yeyote alivyodhani.

Mafia nako vijana walikuja mapema. Kuanzia mwaka 1989 waliojitolea kutoka Uingereza, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipiga mbizi kwenye miamba ya Mafia wakiandika kwa penseli kwenye vibao vya plastiki. Matumbawe yalikuwa yakivunjwa kwa baruti za wavuvi na kuchimbwa kwa ajili ya chokaa. Sheria ya hifadhi za bahari ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, yenye kilomita za mraba 822 na vijiji vyenye watu ndani yake. Vijana hao hawakuileta hifadhi hiyo peke yao, lakini ramani za mwanzo za mahali palipo na matumbawe hai zilitegemea vibao vyao.

Katika habari zote hizi mwanafunzi wa Kizanzibari huonekana mara chache, na anapoonekana huwa mkalimani au mbeba ngazi. Hali imebadilika kiasi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha sayansi, Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Unguja tangu mwaka 1978, na majina ya Kizanzibari yamo kwenye makala ya popo ya 2010. Kule Chumbe, kisiwa kidogo kilicho mkabala na pwani ya magharibi ya Unguja, walinzi wa kwanza wa miamba walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Waliacha nyavu wakajifunza kuandika kila siku nani amepita na nini kimeonekana, na ndio walioanza kuwatembeza watoto wa shule, wengi wao wakitia uso majini na kuona tumbawe kwa mara ya kwanza ilhali wamezaliwa ufukweni.

Bado lakini, kijana wa Wete anayesoma chuoni Unguja akirudi kwao likizo, ni nadra kupewa hata nauli ya kwenda kuhesabu popo wa kijiji cha pili, wakati mwenzake wa Edinburgh amelipiwa tiketi ya ndege kuja kuwahesabu haohao. Mahitaji yenyewe ni ya bei ndogo: vihesabio vinne, tochi, madaftari yasiyoharibika kwa mvua ya masika, na mtu wa kumkumbusha mwenye shamba kwamba wiki ijayo watakuja watu magharibi.

Misafara itaendelea kuja, na si vibaya ije. Kilicho rahisi kuwaomba ni fomu zao ghafi, zile zenye namba za kila mti kabla hazijapikwa kuwa wastani. Nakala moja ibaki idara ya misitu, moja kwa sheha, na moja kwa mwenye mti, aandikiwe kwa Kiswahili mti wake ulikuwa na popo wangapi na siku gani. Mwenye mti ndiye ambaye, mvua zikipita na popo wakarudi wengi au wachache, atakuwa na sababu ya kuifungua tena nakala yake.